Mlima Usio na Theluji

Sentensi ya kwanza ya rasimu ya tasnifu yangu ilisema kwamba mimea ya milima ya Ufipa inapanda juu kwa sababu dunia inapata joto. Niliipenda. Ilikuwa fupi, ina mwendo, na ilifanana na sentensi nyingi nilizokuwa nimezisoma. Msimamizi wangu aliizungushia duara jekundu na kuandika pembeni maneno mawili: "Nani kaona?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa Sumbawanga. Likizo za Juni nilichunga mbuzi wa bibi kwenye miteremko ya Mbizi, meno yakigongana kwa baridi, na sijawahi kuona jamii ya mimea ikihama. Nilichokuwa nimekiona ni makala za watu wengine kuhusu milima mingine. Kwa hiyo nilirudi kuzisoma upya, safari hii nikiwa sitafuti takwimu. Nilizisoma kama mtu anavyosoma riwaya: nani ni mhusika mkuu, nani yuko nyuma kama mandhari, na msimulizi alisimama wapi alipokuwa akitazama.

Nianze na chui, maana huwezi kuandika kuhusu mlima wa Afrika Mashariki bila kumpita yule chui. Ernest Hemingway alichapisha hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro mwaka 1936, na mwanzoni kabisa aliweka mzoga wa chui ulioganda karibu na kilele. Mzoga wenyewe ulikuwepo kweli. Mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alikuwa ameukuta huko juu katika miaka ya 1920. Hadithi yenyewe ni ya mwandishi anayekufa kwa kidonda kilichooza, huku chini nyikani. Mwishoni anaruka kwa ndege, ndotoni, kuelekea weupe wa kilele.

Sasa angalia kilichorukwa. Kati ya nyika na theluji kuna mashamba ya migomba na kahawa ya Wachagga, kuna msitu wa mvua, kuna ukanda wa vichaka vya Erica, kuna manyasi ya mashuke, kisha ile mimea ya ajabu ya juu: Dendrosenecio yenye shina kama mti na majani yaliyojikunja kama kabichi, na lobelia zinazofunga majani usiku ili chipukizi lisigande. Huko juu mmea huungua na jua mchana na kushikwa na barafu usiku, kila siku ya mwaka, na bado unaishi. Ndege ya Hemingway ilipita juu ya vyote hivyo. Simlaumu, hakuwa anaandika kitabu cha botania. Lakini ramani yake ilibaki vichwani mwa watu: chini nyika, juu theluji, katikati hamna kitu.

Ramani hiyo ndiyo habari za tabianchi zilizoirithi. Kila baada ya miaka michache gazeti fulani huuliza theluji ya Kilimanjaro itaisha lini. Kipimo ni cha kweli: kati ya 1912 na 2007 barafu ya mlima ule ilipungua kwa takribani asilimia 85. Lakini barafu ikishakuwa mhusika mkuu, mimea inabaki kuwa pazia la nyuma ya jukwaa, na mlima usio na barafu unakosa hadithi kabisa. Sisi wenyewe hatukusaidia. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera kileleni, na tangu hapo mlima kwetu ni kilele. (Nitarudi kwenye suala la moto mlimani. Mwenge ule haukuwa na kosa.)

Sentensi yangu, hata hivyo, haikutoka kwa Hemingway. Ilitoka kwenye milima ya Ulaya. Mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilichapisha hesabu ya mimea kwenye vilele 302 vya Ulaya, kwa kulinganisha orodha zilizoanza kuandikwa karibu karne moja na nusu iliyopita na orodha mpya za vilele vilevile. Spishi zilikuwa zimeongezeka vileleni, na kasi ya kuongezeka katika muongo wa karibuni ilikuwa mara tano ya ile ya miaka hamsini nyuma. Mimea ya chini ilikuwa imepanda. Ni makala nzuri, na uzuri wake uko kwa wale watu wa zamani, wengi wao wapenda maua tu, waliopanda kilele fulani na kuandika kwa uaminifu kila walichokikuta. Bila orodha zao, hesabu ya 2018 isingekuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Kisha kuna Chimborazo, kule Ecuador, na hapa ndipo nilipoanza kuamini kwamba uhakiki wa maandishi una kazi hata maabara. Alexander von Humboldt na Aimé Bonpland walipanda mlima ule mwaka 1802. Mwaka 1807 Humboldt alichapisha mchoro maarufu wa mlima uliokatwa ubavu, majina ya mimea yakiwa yameandikwa kila mmoja kwenye kimo chake. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye watafiti walirudi Chimborazo, wakalinganisha, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba mimea imepanda zaidi ya mita 500. Habari ilisambaa. Mwaka 2019 kundi jingine lilifanya kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa fasihi angekifanya siku ya kwanza: lilisoma maandishi ya Humboldt yenyewe, shajara na lebo za vielelezo, si mchoro peke yake. Likagundua kwamba sehemu kubwa ya data za mimea ya juu haikutoka Chimborazo hata kidogo. Ilitoka Antisana, mlima mwingine. Mchoro ulikuwa muhtasari wa milima kadhaa uliovikwa jina la mmoja. Walipokokotoa upya, mimea ilikuwa imepanda, ndiyo, lakini kwa mita 215 hadi 266.

Nilisoma makala ile usiku, nikacheka, kisha nikanyamaza. Mchoro wa Humboldt ni wa kupendeza mno, na kupendeza kwake ndiko kulikomfanya aaminiwe zaidi ya alivyostahili. Sentensi yangu nami ilikuwa ya kupendeza.

Turudi nyumbani, Kilimanjaro, safari hii tukitembea kwa miguu. Mwanabotania Mjerumani Andreas Hemp amefanya kazi kwenye mlima ule kwa miongo kadhaa, akihesabu mimea kiwanja kwa kiwanja. Mwaka 2005 alichapisha makala ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo uhakiki bora wa hadithi ya Hemingway ambao umewahi kuandikwa, ingawa sidhani kama yeye aliiona hivyo. Hoja yake ni kwamba tunatazama mahali pasipo. Mvua imepungua, kiangazi kimekuwa kikavu zaidi, na moto umepanda. Misitu ya juu ya Erica, ile iliyojaa kuvumwani na kunyonya ukungu, imeungua na kurudi kuwa vichaka vifupi, na mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Umeshuka. Joto linaongezeka na msitu unateremka.

Mtu aliyezoea hadithi ya Ulaya hapo hukwama. Katika hadithi ile joto ni ngazi, na mimea yote inaikwea kwa zamu. Kilimanjaro joto linakuja limeshikana mkono na ukavu, na ukavu unamsubiri mwenye kiberiti: mrina asali, mwindaji, mchungaji, mpishi wa watalii. Oktoba 2020 wote tuliona kwenye simu zetu picha za ule mstari mwekundu mlimani usiku. Hemp anaongeza jambo ambalo vichwa vya habari havikulibeba: kwa maji ya watu walio chini, kupotea kwa msitu unaokamua ukungu ni hasara kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu. Mhusika mkuu alikuwa kichaka chenye majani kama sindano, ambacho wengi wetu hatuna hata jina lake.

Sisemi hadithi ya kupanda ni ya uongo. Mlima Kenya ipo, na imeandikwa vizuri. Kazuharu Mizuno wa Japani alikuwa akirudi mara kwa mara mbele ya barafu ya Tyndall na kupima mambo mawili tu: ukingo wa barafu uko wapi, na mmea wa kwanza uko wapi. Kati ya 1958 na 1997 barafu ile ilirudi nyuma karibu mita 3 kwa mwaka. Kati ya 1997 na 2002, karibu mita 10 kwa mwaka. Nyuma yake, kwenye changarawe tupu, alikuja Senecio keniophytum, mmea mfupi wa maua ya manjano, akifuata kwa kasi inayokaribiana na ile ya barafu. Hakuna tamathali katika makala zake. Kuna miaka na mita. Na mwaka 1997, kwenye ukingo wa Tyndall, barafu ilipoyeyuka ulitokeza mzoga wa chui. Ulipopimwa ulikutwa na umri wa takribani miaka 900.

Mwandishi mwingine angejenga riwaya juu ya chui huyo. Mizuno anamtaja kwa sababu umri wake unaonyesha barafu ile ilidumu kwa muda gani bila kufunguka, kisha anarudi kwenye mimea yake. Nampenda kwa hilo.

Sasa Ufipa. Lazima niwe mkweli kuhusu ukubwa wa jambo: Ufipa haina ukanda wa juu kama wa Kilimanjaro. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi, na vilele vya uwanda mzima havifiki mita 2,500. Hatuna Dendrosenecio za kupigia picha. Tuna manyasi. Manyasi yanayoenda mpaka ukingo, halafu ardhi inakatika ghafla na Bonde la Rukwa linafunguka huko chini zaidi ya mita elfu moja, ziwa liking'aa kama bati. Ukishuka kwa barabara ya Ntendo kwenda Muze unavua sweta kabla hujafika nusu. Kwenye mabonde na migongo ya Mbizi vimebaki vipande vya msitu wa milimani, na ndani yake mbega wekundu walio mbali na ndugu zao wote. Kwenye manyasi, mvua za kwanza zikinyesha, yanatoka maua yaliyokuwa yamejificha ardhini kama viazi: okidi, gladiola, na mengine ambayo bibi anayaita kwa Kifipa na mimi nayatafuta kwenye vitabu.

Hesabu ya kawaida ni kwamba ukipanda mita 100 joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6. Kwa hiyo mmea unaotaka kubaki kwenye baridi yake ileile, dunia ikipata joto kwa nyuzi 1, unapaswa kupanda mita 160 na kitu. Kilimanjaro hilo ni jambo dogo, nafasi ipo. Mbizi, mmea unaoishi mita mia moja chini ya kilele hauna pa kwenda. Kupanda kwake ni kufika mwisho. Na kilele ni chembamba kuliko kitako, hivyo hata wanaofika hawaenei wote. Hicho ndicho nilichotaka kusema kwenye sentensi ile, na bado nadhani kina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Tatizo ni lile duara jekundu. Sikupata orodha ya miaka ya 1950 ya kiwanja fulani Mbizi, yenye vigingi, ninayoweza kuirudia. Olov Hedberg, Mswidi aliyezunguka milima mirefu ya Afrika Mashariki mwaka 1948 na kutuachia misingi ya elimu ya mimea ya juu, alifuata milima mirefu. Ufipa haikuwa na theluji ya kumwita mtu.

Tunayo maandishi mengine, lakini ni ya aina tofauti. Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880 akiwa njiani, na mpita njia huandika mandhari. Tuna pia matope: mwaka 2005 ulichapishwa uchambuzi wa chavua iliyotolewa kwenye sakafu ya Ziwa Rukwa, rekodi ya miaka 23,000. Chavua inatukumbusha kwamba mimea hii ilishasafiri. Wakati dunia ilikuwa ya baridi, mimea ya milimani iliweza kuishi chini kuliko ilivyo leo. Joto liliporudi, ilisukumwa juu, ikabaki kwenye visiwa kama Mbizi. Ila chavua ya nyasi moja haitofautiani na ya nyasi nyingine chini ya darubini. Kwa mtu anayetaka kujua manyasi yamebadilikaje, ni kitabu chenye kurasa zilizogandana.

Na tuna simulizi, ambayo nilifundishwa nikiwa mdogo na nikaiamini: kwamba Ufipa yote ilikuwa msitu, mababu wakaukata kwa mkaa wa kuyeyushia chuma, na manyasi haya ni kidonda. Wafipa kweli walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, na kazi ile ilififia mwanzoni mwa karne iliyopita. Walikata miti, hakuna ubishi. Lakini isome simulizi hiyo kwa jicho la mhakiki. Ina dhambi, ina mkosaji, na inaita mwokozi. Mwokozi huja na miche.

Mimea ya ardhini yenye viazi inaitilia shaka. Okidi wa manyasi haishi kwenye kivuli cha msitu mzito, na mimea mingi ya aina yake inachukua muda mrefu mno kuenea upya. Panapokuwa na aina nyingi hivyo, zilizozoea moto na jua, manyasi hayo hayakuzaliwa jana kwa shoka la mhunzi. Naamini Ufipa ilikuwa na msitu zaidi ya leo, na ilikuwa na manyasi ya kale pia, vikiwa vimechanganyika. Simulizi ya kidonda haina nafasi ya kitu kilichochanganyika.

Wafipa wenyewe walilima kwa kutegemea manyasi hayo. Ntumba, yale matuta ya mviringo, hutengenezwa mvua zikielekea mwisho: unakata bonge la udongo pamoja na nyasi zake, unaligeuza, nyasi zinaozea ndani, unapanda maharage juu, na msimu unaofuata unatawanya tuta na kupanda ulezi. Nyasi ni mbolea. Bibi anaweza kukuambia kwa kutazama tu ni nyasi ipi itaoza vizuri na ipi itabaki kama waya. Hiyo ni elimu ya jamii za mimea, yenye majaribio ya miaka sabini.

Desemba iliyopita nilimpeleka mteremkoni, au niseme alinipeleka. Nilimuuliza nini kimebadilika. Alionyesha kwa fimbo: hapa palikuwa na ua la zambarau, siku hizi silioni. Hapa gugu la majani kama manyoya ya kuku limejaa. Baridi ya Juni si ile. Niliandika yote, moyo ukidunda, nikaona nimepata shahidi wangu. Kisha nikauliza ua lilipotea lini.

"Walipoanza kuja wachimbaji," akasema.

Alikuwa anasema kuhusu chikanda. Viazi vya okidi huchimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa kwenda Zambia, ambako vinasagwa na kupikwa pamoja na karanga. Kwa hiyo lile ua halikupanda mlima. Lilipanda gari kuelekea Tunduma. Na gugu?

"Hilo ni tangu baba yako mdogo apande miti yake."

Hapo sikuandika kitu. Mikaratusi ya baba mdogo iko ekari nne juu ya kijito, mahali ambapo palikuwa na ntumba. Alipewa miche ya bure, akaambiwa anaokoa mazingira. Nguzo za awamu ya kwanza zililipa ada yangu ya shahada ya kwanza, miaka mitatu mfululizo. Ninapoandika kwamba kupanda miti kwenye manyasi ya kale ni kuua jamii moja ya mimea ili kuweka nyingine, mwenye kalamu amesomeshwa na miti hiyo. Nilimwambia baba mdogo hivyo, kwa adabu, tukila. Aliniuliza kama okidi ingelipa ada. Nikamwambia hapana. Akaniongezea ugali.

Nikiiweka pamoja: ukiwa na mabadiliko mteremkoni Mbizi, joto ni mmoja wa watuhumiwa wanne, na ni yeye pekee asiyeacha nyayo. Mchimbaji anaacha shimo, moto unaacha majivu, baba mdogo anaacha mistari iliyonyooka. Joto linaonekana tu ukiwa na orodha mbili za mahali pamoja zilizotenganishwa na miaka mingi. Sisi tuna moja, na ni hii ninayoiandika sasa.

Nimeifuta sentensi ya kwanza. Mahali pake nimeweka maelezo ya viwanja kumi na viwili vya mita moja kwa moja, kuanzia ukingo wa mikaratusi hadi kilele, vigingi vya chuma vikiwa vimezamishwa usawa wa ardhi ili wachunga mbuzi wasivijikwae wala wauza vyuma chakavu wasivione. Kila kiwanja kina orodha ya mimea, asilimia ya udongo ulio wazi, na tarehe ya moto wa mwisho kwa kadiri bibi anavyokumbuka. Nimeandika majina ya Kilatini na ya Kifipa sambamba. Matatu yana la Kifipa tu, maana sijayapata kwenye kitabu chochote. Inasomeka kavu kama orodha ya mahudhurio. Msimamizi ameirudisha wiki hii. Kwenye kiwanja cha saba, ambapo nilikuwa nimeandika "ua la zambarau halipo", ameongeza kwa kalamu ileile nyekundu: "Rudi mvua zikianza."